Aliyekikariri Kitabu Alichokichoma

Shangazi yangu Cuilian hakuweza kukumbuka chochote akiwa amekaa. Tulimkalisha siku mbili katika ukumbi wa mababu, kiti kizuri, chai ya moto, wazee saba wa kamati ya kitabu cha ukoo wamemkodolea macho, na mimi mwalimu wa shule na brashi yangu ya kuandikia mkononi. Alifika kizazi cha tatu akakwama, akaanza kuuma kucha. Siku ya tatu akanivuta shati.

"Deqing mwanangu, njoo kwangu alfajiri. Majina yangu mimi yako kwenye mwiko."

Nikadhani mzaha. Kumbe kweli. Alipokuwa akikoroga maziwa ya soya kabla ya kuyagandisha kuwa tofu, majina yalimtoka yenyewe, baba na mwana, baba na mwana, vizazi ishirini na vitatu vya ukoo wetu wa Rao. Ndivyo alivyofundishwa kusoma: yeye chunguni, baba yake Bingwen kaketi mlangoni na kitabu cha ukoo magotini. Bingwen ndiye aliyekuwa mtunza kitabu, na hakuwa na mtoto mwingine.

"Andika basi, unaduwaa nini? Maziwa yakiungua utayanywa wewe!"

Nikaandika miezi miwili, nguo zangu zote zikanuka soya.

Kitabu chenyewe hakikuwepo tena. Alikichoma yeye, mwaka 1966, msichana wa miaka kumi na sita, uwanjani mbele ya kijiji kizima. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa ni nani aliyempa kiberiti.

Rao Shoutian alikuwa kiongozi wa vijana. Mwaka ule njia iliyonyooka ilikuwa kuchoma kila cha kale, na aliyesitasita alikuwa adui. Alimwendea Cuilian akamwambia: "Choma wewe mwenyewe, watu waone, na baba yako hataguswa. Nakupa neno langu." Akachoma. Kesho yake Bingwen akavishwa kofia ndefu ya karatasi, akazungushwa kijijini akipigiwa masufuria, na aliyeshika kamba ya shingoni mwake alikuwa Shoutian. Mzee hakuumaliza msimu ule wa baridi. Hakumlaumu binti yake, ila hakuketi tena pale mlangoni.

Watu husema bendera hufuata upepo. Shoutian si bendera, ni mlingoti. Bendera zinashushwa na kupandishwa, yeye kasimama palepale katikati ya uwanja. Ilipofika mwaka 1995, njia iliyonyooka ikawa kuwaheshimu mababu. Ndugu zetu waliotajirika ng'ambo wakachangia, ukumbi ukapakwa rangi, na mwenyekiti wa kamati ya kukiandika upya kitabu akawa nani? Huyohuyo, kwa sauti ileile. Akavuka daraja hadi kijiji cha pili, alikoolewa Shangazi, na kikapu cha machungwa mkononi.

"Dada Cuilian, yaliyopita si ndwele. Tupe majina, na jina la baba yako litakaa ukurasa wa kwanza: Mtunza Kitabu."

"Ni neno lako hilo, Kaka Shoutian?"

"Neno langu."

Nilipomuuliza Shangazi kwa nini amemwamini tena, aliendelea kukoroga. "Wewe ulitaka nimwamini nani? Kitabu kiko kwake. Asiyeandikwa haitwi mezani siku ya tambiko. Miaka ishirini na tisa mzee wangu anasimama nje na njaa, na aliyemtoa ni mimi. Namtaka ndani, basi. Mengine shauri yao."

Sasa, katika kitabu cha zamani mtoto wa damu aliunganishwa na baba yake kwa mstari mwekundu, na mtoto wa kulea aliyetoka ukoo mwingine kwa mstari wa buluu. Asubuhi moja mwiko ulipunguza mwendo. Tulikuwa tumefika kwa babu yake Shoutian.

"Huyu alikuwa wa buluu," alisema. "Alichukuliwa mchanga kwa wachoma mkaa wa mlimani."

Nikaandika pembeni: buluu.

"Futa."

"Lakini Shangazi, kitabu kilisema..."

"Ala! Kitabu nakijua mimi au wewe? Mtoto aliyelelewa ni mtoto. Umwaibishe mtu mzima na wajukuu zake kwa sababu ya wino? Piga nyekundu."

Neno nikalikata kwa mstari mwembamba, sikulifuta. Nilipiga nyekundu.

Majina yalipokamilika, Shoutian aliiketisha kamati akasoma kanuni za mababu, amesimama wima. Kwanza, asiye wa damu hana nafasi kitabuni. Pili, nyumba iliyonajisi vitu vya mababu, tawi lake linakatwa. Hadi leo sijui kama alijua habari za babu yake. Wazee wengine wote sita wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja wao alikuwa uwanjani mwaka ule, akishangilia.

"Mwenyekiti," nikasema, "bila Cuilian tungekuwa na kitabu?"

"Bila Cuilian tusingekipoteza."

Wakacheka. Brashi yangu ilikuwa na wino tayari. Niliandika jina la kaka yake Bingwen, nikaruka nafasi ya Bingwen, nikaenda kwa anayefuata. Mkono ni huuhuu ninaoandikia sasa.

Siku ya kukizindua kitabu zilipigwa fataki, nguruwe watatu wakachinjwa. Shangazi alikuja na sinia la tofu kwa ajili ya meza ya mababu, nywele kazipaka mafuta. Hakuna aliyekuwa amemwambia, hata mimi. Nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia. Akanawa mikono, akafunua ukurasa wa kwanza, akasoma. Akafunua wa pili. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kizazi cha baba yake, kidole kikashuka taratibu, kikapita mahali pale, kikarudi, kikapita tena.

"Kaka Shoutian, mzee wangu yuko wapi?"

"Kanuni ni kanuni, dada. Si mimi, ni mababu."

"Uliniambia nichome, nikachoma. Ukaniambia nikariri, nikakariri. Mara zote mbili ulinipa neno lako." Sauti yake ilikuwa ndogo, ila ilifika hadi mlangoni. "Haya, kama ni kanuni, babu yako alikuwa wa buluu. Mbona yuko humu?"

Shoutian akawa mweupe kama tofu ya Shangazi. Kisha akatabasamu. "Kitabu kinachosema hivyo kiko wapi? Nani alikichoma?"

Baadhi ya watu wakacheka. Shangazi hakuwatazama. Alinigeukia mimi.

"Deqing aliandika. Mwanangu, waambie."

Watu mia tatu wakanigeukia. Daftari lilikuwa ndani ya meza yangu shuleni, na neno buluu linasomeka vizuri chini ya ule mstari mwembamba. Kamati ndiyo iliyokuwa ikijenga shule mpya, na mwalimu mkuu wake alikuwa bado hajatajwa. Nilimtazama Shoutian, nikamtazama Shangazi na mikono yake iliyobabuka kwa mvuke.

"Sikumbuki," nikasema.

Akainua sinia lake, tofu zote zikiwa bado juu yake, akatoka. Hakulia. Darajani alisimama, akamwaga zote mtoni, kipande kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza. Nadhani alikuwa akiita jina moja tu.

Leo mimi ni mwalimu mkuu. Daftari ninalo bado, sijalichoma wala sijalionyesha. Nikivuka daraja asubuhi namkuta akikoroga kimya, kama mtu aliyesahau kusoma. Huniuzia tofu, hunifungia vizuri kwenye jani, hata hunichagulia kipande kikubwa.

"Karibu tena, Mwalimu," ananiambia. "Mwanangu" hajaniita tena.