Picha Isiyokuwa na Mtu

Uhuru ulipokuja, kila mtu wa Uvira alitaka foto yake akiwa amevaa tai. Mume wangu, aliyekuwa na studio ndogo karibu na soko, aliwapiga tangu asubuhi mpaka mwanga unaisha. Lakini moyo wake ulikuwa mlimani. Alasiri moja alibeba apareyi yake kubwa ya mbao ya kupigia foto, mimi nikachukua miguu yake mitatu, tukapanda mlima ulio nyuma ya mji.

Huko juu alijifunika kitambaa cheusi, akachungulia, kisha akaniita. "Njoo, weye pia uone."

Niliingiza kichwa. Kwenye kioo cha nyuma kila kitu kilionekana kichwa chini: ziwa lilikuwa juu, na milima ya Burundi inaning'inia chini yake, mawingu yakitembea kinyumenyume bila sauti. Nilisahau kupumua. Tulingoja mpaka jua likatoboa mawingu. Akapiga mara moja tu, tukashuka.

Jumapili baada ya misa aliitandika foto ile, kubwa, mezani barazani. Mama mkwe aliinama, akaitazama sana.

"Muntu iko wapi?"

"Hakuna muntu, mama. Ni inchi tu, milima na ziwa."

"Sasa umepiga nini?"

Jirani yetu, mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa, alikuja na kofia yake, akatikisa kichwa. "Hapa si kwetu. Tangu lini mbingu ikawa nyeusi kuliko ziwa?"

Mume wangu alieleza kwamba aliweka kioo chekundu mbele ya lensi ili mawingu yaonekane vizuri.

"Basi umeidanganya mbingu."

"Hapana, mzee. Mawingu yalikuwa pale. Macho yetu ndiyo hayakuyaona vizuri."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama mkwe hakuwasikia. Alikuwa ameshika kioo cha kukuzia cha mwanawe, akipita nacho kwenye foto juu ya mabati ya mji, bati moja moja. Ghafla akapiga kelele, akijigusa kifua: "Mihogo yangu niliyoanika! Na huyu anayeigeuza ni minye!" Tulitazama kwa zamu. Kweli, kando ya weupe wa mihogo alisimama mtu, mdogo kuliko chembe ya ulezi, na juu yake milima yote ile. Mzee wa duka alivua kofia.

Miaka michache baadaye, waasi walipoingia mjini na risasi zikaanza, tulikimbilia kijiji cha Mutarule kwa ndugu za mama mkwe. Apareyi ilikuwa nzito, ikabaki. Siku moja mvua ilikatika, milima ikatokea imeoshwa, upande mmoja unang'aa na mwingine mweusi kabisa. Mama mkwe aliwaita wanawake waliokuwa shambani.

"Muache majembe, muangalie!"

"Kuko nini pale?" mmoja akauliza.

"Mwangaza," akasema. "Muone vile unashuka."

Wakasimama wote, matope miguuni. Mume wangu alikuwa nyuma yao, mikono mitupu, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tutoke Uvira.

Tuliporudi, studio ilikuwa kuta tu; apareyi kubwa na foto ile havikuwemo. Alipata apareyi ndogo, akaendelea na foto za harusi. Foto kubwa kama ile hakupiga tena. Lakini Jumapili watu walizidi kuja barazani, wakimwomba awaeleze jinsi alivyoipiga ile ya mlimani, naye alieleza.