Nilivyojaribu Kitanda cha Kamba

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huku Ngombezi kila mtu anao mkasa huu na kila mtu ameutia chumvi yake, na juzi juzi sokoni Korogwe kuna jamaa asiyenijua kabisa alinisimulia mimi mwenyewe, huku anacheka mpaka machozi, nikacheka naye (ningefanyaje?) na uso unaniwaka moto.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuhifadhi mambo ya kale ya kijiji. Tunakusanya vitu vya enzi za manamba (wale vibarua wa mashamba ya mkonge), visu vya kukatia mkonge, taa za chemli, toroli lililovunjika gurudumu, mpaka filimbi ya mnyapara tunayo. Tena tunahifadhi na mila, yaani nani anamwamkia nani, mkwe anaheshimiwaje, mambo ambayo vijana wameyatupa, na kwenye mila mhubiri mkuu nilikuwa mimi. Hilo la mila lishikeni vizuri.

Sasa vitu vyetu vyote viko kwenye nyumba moja ya kambi ya manamba, chumba kimoja na kibaraza, ya mwisho iliyobaki kwenye laini ya zamani, na serikali ya kijiji ilitaka kuivunja ijenge fremu za maduka. Tukalia, tukabembeleza, mwishowe mwenyekiti wa kijiji akasema atakuja Jumamosi na wajumbe wake, wataona, watamsikiliza aliyewahi kuishi humo, na uamuzi utatoka palepale. Na aliyewahi kuishi humo aliyebaki hai ni mmoja tu, Bi Mwantumu, aliyeletwa pale akiwa bi harusi kutoka Kwaluguru kule Handeni, ambaye ndiye mama mkwe wangu. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana kwelikweli. Akipita njia hii mimi nashika ile, na tukikutana uso kwa uso tunasalimiana kila mmoja akitazama mgomba wake.

Ijumaa jioni tukagundua hatuna kitanda. Nyumba ya manamba bila kitanda cha kamba! Nikamwambia mke wangu, mama Zuhura, zunguka kijiji kizima, nitafutie. Asubuhi akanipigia simu. "Baba Zuhura, kitanda kimepatikana, lakini ngoja nikwambie, kile kitanda ni cha..." Nikamkatiza. "Mama Zuhura, nimeshika brashi ya chokaa hapa, wageni wako njiani, wewe kipakie kwenye mkokoteni, mengine baadaye."

Hayo mengine baadaye ndiyo yaliyonimaliza.

Kitanda kikaja, na kilikuwa kizuri, miguu imechongwa kwa mkono, kamba za singa za mkonge zimesukwa mpaka unatamani kuzipapasa. Wageni nao wakaja. Mwenyekiti wetu ni mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, na siku hiyo alitazama visu akanyamaza, akatazama filimbi akanyamaza, akaligusa toroli kwa ncha ya kiatu, akapiga miayo, kisha akaniuliza, "Katibu, hivi vyuma chakavu si vingetosha kwenye kona ya ofisi?" Nyumba ilikuwa inaondoka hivi hivi naiona.

Basi nikaamua (wala hakuna aliyeniomba) kuichangamsha historia. "Mheshimiwa, ngoja niwaoneshe manamba alivyokuwa analala akitoka kukata mkonge!" Nikavua viatu, nikajitupa juu ya kitanda. Kamba zikalia, zikafikiria kidogo, zikakatika katikati, makalio yakazama mpaka sakafuni, magoti yakagonga kidevu na miguu ikabaki hewani na soksi yenye tundu.

Mwenyekiti akacheka. Meno yote nje! Wajumbe wakacheka, na mimi nilivyo mjinga nikaona mambo yamekaa sawa, ngoja niongeze, nikafumba macho nikaanza kukoroma. Ndiyo, nilikoroma, tena kwa sauti ya kusikika barabarani.

Mara kicheko kikakatika. Nikafumbua jicho moja. Mlangoni amesimama mama mkwe, ameshageuka, khanga usoni, na pembeni yake mke wangu ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba Zuhura! Hicho ni kitanda cha mama!"

Kama ninyi si wa huku mtasema, kwani nini. Kwetu mkwe mwanamume haingii chumbani kwa mama mkwe, sembuse kukalia kitanda chake, sembuse kukilalia mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kukikoromea. Na hebu oneni balaa lenyewe: nusu ya wanawake wa kijiji wameshakikalia kitanda kile wakienda kumjulia hali, wangekitambua gizani, ila mimi mlinzi wa mila, kwa sababu ya hizo hizo mila, sikuwahi kukitia machoni.

"Mama Zuhura," nikasema kutoka shimoni, "mwambie mama shikamoo."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nikajaribu kuinuka, kitanda kikainuka na mimi kama kobe na gamba lake, ikabidi Joeli, mwenzangu wa kikundi, avute miguu na mjumbe mmoja avute mabega ndipo nikachomoka. Mlangoni siwezi kupita, mkwe yupo. Nikatokea dirishani, nikaangukia kwenye ndoo ya chokaa, nikajikunyata pale chini ya dirisha mguu mmoja mweupe, na jamani, nilitaka kulia. Nyumba nimeipoteza, na heshima ya mkwe nimeipoteza, vyote kwa soksi moja.

Ndani nikamsikia mwenyekiti. "Bi Mwantumu, shikamoo. Pole sana mama. Wewe ndiye mwenye neno. Nyumba hii tuivunje?"

Mama mkwe akajibu taratibu.

"Marahaba. Kitanda hicho marehemu mume wangu alikisukia humu humu, na mama Zuhura nilimzalia juu yake. Nilikiazimisha kwa leo tu, jioni kirudi. Sasa mkwe amekilalia. Kwangu kitarudije?"

Akajijibu mwenyewe.

"Basi kitabaki humu. Na nyumba yenye kitanda changu ndani, atakayeivunja ni nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Hakuna, mama. Inabaki."

Nilitaka kurukaruka pale pale kwenye chokaa yangu, lakini mama mkwe alikuwa hajamaliza.

"Na yule aliyeko chini ya dirisha, namsikia anavyohema, mwulizeni, mimi leo nalala wapi?"

Siku hiyo fundi seremala wa Korogwe sikumpa nafasi hata ya kunywa chai, na magharibi kitanda kipya kilikuwa kwa mama mkwe, kimeingizwa na mke wangu na jirani zake, mimi nimeishia kwenye uzio natazama mgomba. Cha zamani tumekiwekea kibao, USIKALIE. Nilitaka kukisuka upya, mwenyekiti akakataa, akasema na lile tundu sasa ni la kijiji, lihifadhiwe. Wageni wakiniuliza nani alilitoboa, huwa nawaambia ni manamba mmoja mnene wa zamani, lakini mama Zuhura akiwa karibu ananitazama tu, na mimi, niliyeapa kutomkatiza tena maishani, naweka brashi chini namwachia aeleze.