Kata ya Kwanza ni ya Mpishi

Dorkas alikuwa mfupi, ila kwa mwendo wake ungedhani anainama asigonge mawingu. Alizaliwa Misigiri, akaolewa na Gabrieli, msukuma matoroli wa mgodi wa dhahabu, akateremka naye mpaka Sekenke na mitungi yake ya pombe. Ndugu zake walimwonya kwamba huko chini kuna joto na kuna Wazungu. Akasema, "Joto ni zuri kwa kimea." Habari ya Wazungu hakuijibu.

Jumamosi wachimbaji walipotoka shimoni, walikwenda kwake hata kabla ya kunawa. Pombe yake ya uwele ilitulia mtungini kama mtu mwenye akili, ikafanya kazi tumboni kama mtu asiye nazo. Lakini hakuna aliyegusa kitu kabla ya Dorkas mwenyewe. Alisimama katikati ya uwanja, akachota kwa kata, akanywa mpaka chini, kisha akaigeuza ile kata juu chini watu waone haidondoshi hata tone. Halafu akajipiga tumbo. "Nimekufa? Sijafa. Haya, kunyweni!"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na haikuwa mchezo. Pombe ambayo mpishi hajainywa mbele ya macho ya watu ina sumu, au ina neno. Shangazi yake Dorkas, kule Misigiri, siku moja mvua ilimkimbiza akagawa pombe bila kuonja. Wageni hawakugomba. Waliimwaga chini, wakafunika mtungi wake kifudifudi, wakaenda zao. Tangu hapo hakuna aliyenunua pombe yake tena, akachanja kuni za watu mpaka kaburini. Dorkas alikuwapo siku ile, msichana, ameshika ufagio, na hakusahau jinsi mtungi ulivyolia ulipogeuzwa.

Basi, mwaka ule Mwingereza alipomvika taji mfalme wake mpya, meneja wa mgodi akaandaa karamu. Mkewe, memsabu mwembamba mwenye sauti nene, akataka kinywaji cha kwao kinachoitwa panchi: ramu, machungwa, ndimu, nanasi lililokuja na treni, sukari, na kungumanga ya kukwaruza juu. Akamwita mpishi wake, mzee Idrissa, ampe kazi. Mzee Idrissa akarudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Memsabu, nyama yako ya nguruwe naigeuza kwa uma mrefu, Mungu ananiona. Lakini ramu haina uma wa kuishikia. Kamwite Dorkas. Yule dini yake ni mtungi."

Dorkas akaitwa. Akaja amefunga kitambaa kipya kichwani na kata yake kiunoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na kata ya nini? Hapa kuna vijiko vya fedha."

"Vijiko ni vya kulishia wagonjwa."

Memsabu akamwonyesha chupa, matunda, na beseni kubwa la udongo mweupe lenye maua. Dorkas akafungua chupa, akanusa, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mkwe mkali. Akakata machungwa, akakamua ndimu, akalikata nanasi vipande vinene. Alipoona memsabu amegeuka, akatia na ukwaju wake mwenyewe aliouleta kwenye pindo la kanga, maana sukari ile peke yake, aliona, ingewafanya wageni walie kama watoto wachanga. Akakoroga, akainua kata apeleke mdomoni.

"Hapana!" Memsabu alimdaka mkono. "Wewe hapana onja! Hii si pombe ya mutu meusi. Wewe onja, polisi nakamata. Bwana Shauri nakuja leo, yeye nakamata!"

Na hakudanganya. Serikali ilikuwa imekataza mtu mweusi kunywa kileo kikali cha Kizungu. Pombe yake ya uwele, anywe mpaka aanguke. Ramu, akamatwe. Na mkamataji mwenyewe, Bwana Shauri wa wilaya, ndiye aliyekuwa mgeni mkubwa wa karamu.

Dorkas akashusha kata polepole. "Mzee Idrissa, mwambie pombe isiyoonjwa na mpishi haitoki jikoni."

"Simwambii. Nina watoto."

"Basi."

"Basi nini, Mama? Usiniambie basi kwa sauti hiyo."

"Nimesema basi."

Jua lilipopoa kidogo wageni wakaingia, Wazungu wa migodini na wake zao, na Bwana Shauri na soksi zake ndefu. Meneja alikuwa amewaita wachimbaji waje kupiga ngoma, kwa hiyo nje ya ua wa michongoma palijaa watu wa kambini, wateja wote wa Dorkas. Na mbele kabisa, ameshika miiba kwa mikono miwili, alisimama Luciana. Luciana naye alikuwa mpika pombe, upande wa pili wa kambi. Pombe yake ni maji ya kunawia miguu, kama alivyosema Dorkas kila alipoulizwa na hata asipoulizwa.

Beseni likaletwa kwenye meza chini ya turubai, Dorkas nyuma yake. Luciana akapaza sauti kwa Kinyiramba, watu wote wasikie isipokuwa wale waliokuwa mezani.

"Jamani, mbona sijamwona akionja? Macho yangu yameanza uzee?"

"Labda ameonja jikoni," mmoja akasema.

"Jikoni! Tangu lini mtu anaonja jikoni? Aonje hapa tumwone. Asipoonja, kesho kambi nzima itajua, mimi mwenyewe nitapita nyumba kwa nyumba. Miguu ninayo."

Dorkas akasikia kila neno. Moyoni akaliona beseni lile jeupe limefunikwa kifudifudi, akaona mzigo wa kuni. Upande huu pingu, upande ule kuni. Memsabu akamkonyeza: gawa. Bwana Shauri akanyoosha glasi yake, anatabasamu. Dorkas akashika kata kifuani, akasimama kama kigingi.

"Gawa!" memsabu alinong'ona.

Dorkas hakumtazama. Akamwamkia Bwana Shauri, maana yule alikuwa amejifunza Kiswahili vizuri, alihukumu kesi kwa hicho.

"Shikamoo Bwana Shauri. Nina shauri."

"Marahaba, mama. Leo ni sikukuu. Mashauri Jumatatu."

"Hili halifiki Jumatatu, Bwana, na wewe pengine hutafika. Kwetu, pombe ambayo mpishi hajainywa mbele ya wageni huwa ina sumu. Hii mimi nimeipika, na memsabu amenikataza kuinywa. Sasa wewe ndiye serikali. Nikupe hivyo hivyo?"

Glasi ya Bwana Shauri ikasimama hewani. Mama mmoja wa Kizungu akauliza mwanamke huyu anasema nini, akatafsiriwa, akaiweka glasi yake mezani, kisha akaisogeza mbali kidogo kwa kidole. Na mwingine. Na mwingine. Hata mpiga ngoma akanyamaza.

Memsabu akawa mwekundu. "Yeye nasema uongo! Hapana sumu!"

"Labda hakuna," Dorkas akasema kwa upole. "Mimi sijui. Sijaonja."

Mzee Idrissa alikuwa ameshika sahani ya vitumbua mlangoni. Midomo yake ilikwenda kama anamaliza dua zote anazozijua.

Bwana Shauri akalitazama beseni. Jua lilikuwa limemkausha koo tangu Singida, na nanasi lile lilikuwa linaelea linamwita kwa jina. Akatazama ua, watu wote wale wanamsubiri. Akakohoa.

"Basi, mama," akasema chini chini. "Onja kidogo."

"Bwana?"

"Nimesema onja."

"Ngoma zimeziba masikio yangu, Bwana. Na wale kule uani hawasikii, baadaye watasema nimeiba."

Ngoma zilikuwa zimenyamaza muda mrefu. Bwana Shauri akavuta pumzi, akapiga kelele kama yuko mahakamani:

"KUNYWA, MWANAMKE! NIMEAMURU!"

"Ndiyo, Bwana. Amri ya serikali."

Akatumbukiza kata yake, si ncha, akaitumbukiza mpaka mkono ukalowa. Akanywa. Koo lake likapanda na kushuka, likapanda na kushuka. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke, hakuyafuta. Akaigeuza kata juu chini, akaielekeza uani, upande wa Luciana hasa. Hata tone. Akajipiga tumbo.

"Nimekufa? Sijafa. Haya, kunyweni!"

Ua ukalipuka vigelegele. Wazungu wakacheka, wakanyanyua glasi, na beseni likashuka upesi kuliko kisima cha kiangazi. Bwana Shauri alirudi kwa glasi nyingine, akauliza ule uchachu mzuri ni wa nini. Memsabu akasema ni siri ya mama yake. Dorkas akamsamehe, alikuwa katika hali ya kusamehe.

Yalipobaki matunda matupu chini ya beseni, memsabu akaonyesha jalala. "Tupa."

"Machicha ni ya mpishi," Dorkas akamwambia mzee Idrissa. "Hilo nalo nimpelekee Bwana Shauri?"

"Chukua, chukua! Mimi nipo mlangoni nimewapa mgongo, sioni kitu."

Akajaza kibuyu vipande vya nanasi na machungwa vilivyolewa kuliko walevi wote wa kambi, akateremka nyumbani. Njiani, penye mteremko, Luciana akamkuta ameketi katikati ya njia, miguu ameinyoosha, kitambaa kimemfunika jicho moja.

"Umeanguka, Dorkas?"

"Sijaanguka. Nimekaa. Njia ndiyo imeinuka."

Luciana akajizuia kucheka. Akatazama kibuyu. "Eti ikoje, hiyo pombe ya Wazungu?"

"Tumekatazwa kunywa, wewe hujui? Sheria." Dorkas akafungua kibuyu, akatoa kipande kinene cha nanasi, akakiweka mdomoni kwanza yeye, akatafuna, akameza, akasubiri kidogo kama kawaida. Kisha akakisogeza kibuyu. "Lakini kula matunda hatujakatazwa. Sijafa. Haya, kula."

Luciana akaketi pale pale vumbini. Akala. Akala tena. Watu wa kambini waliporudi na ngoma zao waliwakuta wawili hao bega kwa bega, na njia imeinuka pande zote mbili.

Dorkas alipika pombe Sekenke mpaka meno yakamwisha. Askari wa serikali wakija kumuuliza chochote juu ya kileo, alichukua kata ile ukutani, akawaonyesha. "Hii ilinywewa ramu kwa amri ya Bwana Shauri. Kamuulizeni yeye." Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Na Jumamosi zote hizo, kata ya pili, baada ya yake, ilikuwa ya Luciana.