Ukuta wa Jikoni

Maji yalikuwa yamekatika siku tatu, na sisi wa mtaa wa Miyuji maji yakikatika huwa tunaacha bomba wazi, ndoo chini yake, ili yakirudi tuyasikie. Jirani yangu naye aliacha hivyo hivyo. Kisha akafunga geti, akaenda na mkewe msibani Mpwapwa, akasahau kulifunga bomba.

Asubuhi maji yakarudi. Nilijaza madumu yangu mawili. Mtu anayeishi peke yake yanamtosha kabisa. Nilipoingia jikoni na dumu la pili nikakuta ukuta wa upande wa jirani umeloa hadi usawa wa kifua, rangi imevimba. Bomba lake la uani limepakana na ukuta huo, na maji yalikuwa yanazidi kupanda.

Rangi haikuniuma. Kilichoniuma ni maandishi. Kwenye ukuta huo, juu ya meza, marehemu mke wangu alikuwa ameandika kwa penseli siku za mgao wa maji: Jumanne, Ijumaa, na chini yake, “jaza mapipa”. Mgao umeshabadilika mara nyingi tangu tumzike, ila mimi sikufuta. Sina mwandiko wake mwingine popote.

Nikagonga geti lile mpaka mkono ukauma. Namba ya simu ya jirani sikuwa nayo. Walipohamia alikuja kunisalimia, akataka kunipa namba, nikamjibu ya nini, si tunaonana kila siku? Nilijiona mjanja kwa kutotaka kusumbuliwa. Sasa nikawa napita nyumba kwa nyumba kuomba namba ya mtu tunayepakana ukuta, na aibu imenijaa. Nilikuja kuipata kwa mwenye duka, jua limeshakuwa kali.

“Shikamoo baba,” jirani alisema simuni. “Koki iko hapo nje ya geti, karibu na mita. Ifunge tu.”

Nilikuwa nimeipita mara mbili. Nilifunga, nikarudi mbio jikoni. Lipu ilikuwa imeanguka mezani vipande vipande. Kilichobaki ukutani ni nusu ya Ijumaa na neno “mapipa”. Nilikaa nikakitazama mpaka chai niliyojimiminia ikapoa, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku ya pili yake jirani akaja na fundi na ndoo ya rangi. Akaomba radhi kwa heshima zote.

“Tumekuharibia ukuta, baba. Leo leo utakuwa mpya.”

Fundi akaelekeza mwiko juu. “Mzee, na hapa penye penseli napo nikwangue?”

Wote wawili wakaniangalia. Ilitosha kusema huo ni mwandiko wa mke wangu, wangeelewa, pengine wangekaa kidogo. Lakini tangu mazishi sijamtaja mbele ya mtu, na mdomo ulishasahau namna ya kuanza.

“Kwangua,” nikasema, nikavuta meza ili apate nafasi.