Pima Kwanza Kabla ya Kumimina

Nakumbuka siku moja ya msimu wa alizeti, mwanangu, mshale wa presha ya oili ulipolala ghafla tukiwa njiani, na wifi yangu Zainabu ameshikwa na uchungu wa kuzaa kwenye kiti cha nyuma. Hadi leo nikiikumbuka siku ile navuta pumzi ndefu na kusema alhamdulillahi.

Nilikuwa nimeolewa Iguguno, bado mgeni wa ukoo. Mume wangu alikuwa kazini mbali, akaniachia gari lake kuukuu, na kuliendesha nilijua kwa sababu baba yangu mzazi alikuwa dereva huko Kilimatinde. Baba mkwe ndiye aliyeniambia nimpeleke Zainabu, binti yake wa mwisho, hospitali ya mjini. Mkunga alikuwa ameshasema mtoto amekaa vibaya. Mzee akapanda mbele pamoja nami, na nyuma akatia dumu la mafuta ya alizeti, zawadi ya ndugu wa Mandewa, pale mjini, ambao wangetupokea. Huwezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu, hata kama una haraka ya namna gani.

Basi tukaenda. Siku zote mshale ule ulikaa katikati ya geji. Tulipopita kwenye mashimo ukaanguka hadi chini kabisa, ukaruka juu, ukaanguka tena. Nikaegesha pembeni na kuzima injini.

"Kuna nini?" akauliza mzee.

"Baba, geji inaonyesha hakuna presha ya oili."

Hakungoja maneno mengine. Alikwisha kushuka, akafungua boneti, akafungua na mfuniko wa kutilia oili. "Lete dumu," akasema. "Mafuta ni mafuta. Haya yangu nimeyakamua mwenyewe, hayana uchafu."

Usimcheke, mwanangu. Kwetu Singida alizeti tunapikia, tunajipaka, tunawapa wageni. Mtu aliyeishi nayo maisha yake yote, akibanwa, mkono wake unakwenda huko huko. Mimi nilijua injini hainywi mafuta ya kupikia. Lakini nilikuwa mke wa mwanawe! Kwetu baba mkwe habishiwi, hata kumtazama usoni unajipima. Nikalibeba dumu, nikamletea, nikasimama pembeni akilifungua. Nyuma Zainabu akapiga kelele, akamwita mama yake ambaye alishatangulia mbele ya haki.

Kelele ile ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikapiga goti pale pale kwenye changarawe. "Baba, nisamehe. Naomba unipe ruhusa nipime kwanza."

Akanitazama. Nikadhani nimeharibu ndoa yangu. Kisha akaliweka dumu chini. "Pima basi, mama. Ila fanya upesi."

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta kwa pindo la khanga, nikakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilifika alama ya juu. Nikachungulia chini ya gari, pakavu. Na nilipokuwa naendesha injini haikugonga wala kubadili sauti. Baba yangu aliwahi kuniambia kuwa mshale unaoruka ruka kwenye mashimo mara nyingi ni waya unaocheza. Nikaufuata waya wa geji hadi ubavuni mwa injini, nikaukuta umechomoka. Nikaubana vizuri, nikawasha. Mshale ukapanda, ukatulia katikati.

Mwanangu, nililia. Nililia kwa furaha, na usukani mkononi. Mzee naye alicheka mpaka akashika mbavu, lakini tulipoondoka akanigeukia.

"Ulijua mafuta yangu yangeharibu injini?"

"Nilijua, Baba."

"Ukaniletea dumu?"

"Niliogopa kukukosea adabu."

"Adabu gani hiyo ya kuniacha nimuue mwanangu kwa mkono wangu?" "Siku nyingine ukiniona nakosea, niambie. Nitakasirika, halafu nitapoa. Kaburi halipoi."

Tulifika. Zainabu alipasuliwa jioni ile, mama na mtoto wakatoka salama. Nesi alipotuambia, mzee alikaa chini sakafuni na kofia yake mkononi, akashukuru kwa Kinyiramba.

Sasa nisikilize. Mshale ukianguka, simama na uzime. Pima oili, angalia kama inavuja, kumbuka injini ilikuwa inaliaje. Ukikuta kijiti kikavu, au injini ilikuwa inagonga, usiwashe tena, tafuta fundi. Mshale ukishuka pole pole gari likipata moto, huo ni ugonjwa mwingine, nao ni wa fundi pia. Lakini usimimine kitu kabla hujajua. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse mafuta ndani ya injini.

Na lililo kubwa zaidi: heshima si utumwa. Mkubwa wako akikosea, piga goti kama ni lazima, lakini sema. Mimi mwenyewe sasa ni mzee, nakosea kila wiki, na wajukuu wananitazama tu kwa adabu zao! Mungu akupe ulimi laini usio mwoga, na akuweke karibu na wazee wanaokubali kuambiwa. Nenda salama, mwanangu, na ukiniona mimi nakosea, uanze na mimi.