Dishi ya Kajiado Niliyoigeuza Mwenyewe

Mke wangu hapendi nikisimulia hii maneno, lakini kwa vile nusu ya mtaa wa Noonkopir iliniona kwa macho, sina heshima ya kulinda.

Mimi ni fundi wa minara ya simu. Asubuhi hiyo nilitakiwa kulegeza dishi moja ya zamani ambayo haitumiki tena, tuishushe mchana. Mwenzangu Mutua alikuwa ameenda Isinya na gari kuchukua kamba, na ndani ya hiyo gari kulikuwa na karatasi ya kazi, inayosema ni dishi gani, na simu yangu. Ningengoja. Lakini mimi kukaa bure siwezi (nikingoja hata chai ichemke nafunua sufuria mara tano), nikapanda. Huko juu dishi ni mbili, zinafanana kama mapacha, nikachagua ile imeshika kutu, nikalegeza nati na kuiinamisha chini, nikashuka nikijipongeza.

Nikaingia hoteli ya karibu kunywa chai. Watu wanalalamika simu zimekufa, na mama mmoja Mmaasai ameshika simu kwa mikono miwili.

Nikamsalimia kwa Kimaa, "Yeyo, supa."

"Ipa," akajibu. "Msichana wangu ako hospitali Kajiado, anajifungua. Walisema watanipigia. Sasa hii imenyamaza."

Hapo ndipo ningeshuku. Badala yake nikasimama na kofia yangu ya kazi, nikaelezea hoteli nzima kwamba huu mnara unapokea na kutuma kila kitu, simu na intaneti, kupitia mnara wa Kajiado, na mafundi wa huko ni wavivu, wanalala kazini. Watu wakatikisa kichwa, mwingine akaniongezea mandazi.

Mutua akaingia akihema.

"Wafula, Madam bosi wetu amenipigia nikiwa Isinya, anasema Kajiado haioni huu mnara. Umegusa dishi gani?"

"Ile ya kutu."

"Ya kutu ndiyo inafanya kazi."

Yule mama aliniangalia tu, na hiyo ilinichoma kuliko matusi.

Nilipanda mbio, hoteli nzima imenifuata mpaka kwa ua. Dishi kama hiyo ikikosea hata kidole kimoja haioni mwenzake, na upepo ulikuwa unaisukuma. Nikasogeza, Mutua akisoma kipimo chini, "Bado. Umepita. Rudisha kidogo," na watu wakirudia nyuma yake kama kwaya, "Rudisha kidogo." Karibu saa nzima. Jasho likaniingia macho, na kichwani naona tu huyo msichana.

Kisha simu zikaanza kulia huko chini, moja, halafu nyingi. Niliposhuka, mama alikuwa anaongea Kimaa huku analia.

"Ni kijana," akaniambia. "Amezaliwa kitambo. Wewe ndiyo umenichelewesha."

Nikaomba msamaha mbele ya wote. Alikubali, lakini hakunipa mkono.

Siku hizi sigusi nati bila karatasi mkononi, hata Mutua akawie mpaka jioni. Na wale mafundi wa Kajiado niliwapigia simu nikawaambia nilichosema juu yao, kwa sababu wangesikia tu.