Almasi Iliyomenya Bitoke

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika pete ya uchumba kwa vidole viwili, mpaka bosi akacheka. "Binti, mbona unaishika kama kifaranga? Haikudonoi!" Alikuwa mzee wa Kihindi, sonara, mzaliwa wa Bukoba, na Kihaya chake kilinishinda hata mimi Mhaya wa Hamugembe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo sitazitaja hapa. Wadogo zangu mnaotafuta kazi leo, nawaandikia ili mjue kwamba mjini kwetu kulikuwa na kazi tamu namna hiyo.

Nilianzia kaunta, kisha nikapandishwa meza ya ufundi, chini ya fundi mkuu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mkato ni namna jiwe lilivyochongwa, wala siyo ukubwa wake. Wachumba wengi walitaka mkato wa mviringo. Zamani, alisema, almasi zilichongwa kwa kukisia kwa macho. Zilipendeza kwenye mwanga wa mishumaa, lakini mwanga mwingi ulivujia chini. Baadaye huko Ulaya wachongaji wakapiga hesabu za pembe: juu pateremke kiasi gani, na kitako, yaani sehemu ya chini ya jiwe, kichongoke kiasi gani. Wakapata jiwe lenye nyuso ndogo hamsini na saba. Mwanga unaingia juu, unagonga kitako, unarudi na rangi za upinde wa mvua. Na ndiyo maana pete ya uchumba hulinyanyua jiwe kwa kucha, vile vijino vyembamba vya dhahabu, ili mwanga ulifikie vizuri. Nilisikiliza mdomo wazi. Nilikuwa naota kuvishwa moja. Bado naota!

Basi, asubuhi moja akaingia dada kutoka Nshamba, Kokugonza, macho yamevimba. Akavua pete, akaiweka kaunta.

"Mchumba wangu aliinunua Mwanza. Shangazi anasema ni kioo. Anasema mwanaume anayeanza na kioo, mwisho wake nini? Jumamosi ndiyo send-off yangu."

Kweli jiwe lilikuwa limezima, la kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Bosi akaliangalia kwa lenzi.

"Kuna uchafu kitakoni. Tukiosha tutajua."

Kokugonza akaifunika pete kwa kiganja, akamsihi kwa heshima ya Kihaya. "Kama ni kioo, waitu Mzee, usiniambie."

"Sasa nikuambie nini, binti yangu?"

"Niambie ni nzuri."

Nilitaka kulia mimi. Bosi hakumharakisha. "Pete ni yako. Ukisema tusioshe, hatuoshi."

Kokugonza akaangalia barabarani, kisha akaisukuma kwangu. "Osha wewe, dada."

Nikaichovya kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, nikasugua chini ya jiwe kwa mswaki laini. Ukatoka utando mweusi, wa kunata. Sisi wote pale tuliujua, maana kila mmoja ameshawahi kuusugua mikononi.

"Dada, ulimenya bitoke na pete kidoleni?" nikamuuliza.

"Wageni wa upande wao walikuja. Nilimenya mikungu miwili ya ndizi. Nilitaka waione!"

"Wakaiona, na utomvu ukaiona pia," fundi mkuu akasema.

Bosi akamweleza kwamba almasi hushika mafuta kirahisi. Utomvu na samli vilikuwa vimepaka kitako chote, mwanga ukawa unapotelea humo badala ya kurudi. Akaligusa jiwe kwa kipimo chetu, kalamu inayolia ikikuta almasi. Ikalia. Niliposogeza pete mlangoni, vimulimuli vya rangi vikaruka mpaka darini.

Kokugonza akacheka, akalia, kisha akajishika kichwa. "Mawe, mama yangu! Nimemnunia wiki nzima. Nitamwambia nini?"

"Mwambie umeupikia ukoo wake mpaka jiwe likachoka," bosi akajibu.

Sijui alimwambia nini, ila Jumamosi ile ngoma zilipigwa.

Mwaka jana bosi alizeeka kweli, watoto wake wakamchukua, duka likafungwa. Kwa hiyo mimi ni mstaafu ambaye hata thelathini sijafika! Sasa nina meza yangu Nshamba, narekebisha mikufu na saa. Sina lenzi nzuri wala kipimo, lakini namshukuru Mungu kwa mzee yule ambaye hakuwahi kumcheka mteja aliyelia, ingawa mimi alinicheka kila siku.

Siku za gulio Kokugonza hupita, mtoto mgongoni, ananinyooshea mkono.

"Vua basi nioshe," namwambia.

"Thubutu! Niliivua mara moja, nikakaribia kumkosa baba wa huyu."

Basi nauweka mkono wake wote kwenye beseni, na kuuosha pamoja na pete.